Theluji ya Pumba

Jumatano asubuhi, siku ya tatu tangu Fidel Ligamba atolewe ndani ya mlima wa pumba, Mkaguzi Brigita Njohole alirudi kwenye mlima huo akiwa na fimbo ya mwanzi na ndoo ya maji. Fimbo aliikata njiani. Ndoo aliiazima kwa mama anayeuza chai nje ya mashine ya kukoboa mpunga.

Hakuna aliyemtuma. Mkuu wake wa upelelezi alikwisha kumwambia aandike ajali, alifunge jalada, arudi kwenye kesi ya ng'ombe wa Mchombe. Kijana kapanda juu ya pumba zinazoungua chini kwa chini, zimedidimia naye, basi. Brigita alijibu, "Sawa, afande," na kweli akaanza kuandika. Aliandika neno "ajali", akaitazama picha iliyopigwa pale marehemu alipotolewa, akaweka kalamu chini. Marehemu alikuwa amevaa koti. Koti zito la baridi, la rangi ya machungwa, lenye kofia yake na mifuko minane. Ifakara, mwezi wa Oktoba, mbwa wenyewe wanalala mitaroni kutafuta ubaridi.

Mlima wenyewe ulikuwa nyuma ya mashine, kando ya barabara ya kwenda Mlimba: pumba za misimu sita au saba, zimelundikana hadi zikalipita paa la mashine. Ukiutazama kwa mbali, jua likiwa juu, ulikuwa mweupe. Ndiyo maana Fidel na rafiki yake Wendelin Mponji waliupenda.

Mji mzima uliwajua. Fidel alikaa Austria miaka miwili kwa mpango wa parokia, akifua mashuka katika hoteli ya milimani, na huko akajifunza kuteleza kwenye theluji kwa skii, zile mbao mbili nyembamba zinazofungwa miguuni. Alirudi nazo nyumbani, pamoja na ubao mmoja mpana wa kusimamia miguu yote miwili. Wendelin, aliyekuwa amepiga video za harusi na kipaimara kwa miaka tisa, akasema watatengeneza filamu yao wenyewe, filamu ya watu wanaoteleza pasipo theluji. Waliteleza kwenye majani ya vilima vya nyuma ya Idete. Waliteleza kwenye mchanga wa kingo za mto wakati wa kiangazi, na kwenye pumba. Hawakuwa na kampuni wala mfadhili. Kamera ilikuwa ya Wendelin na miguu ilikuwa ya Fidel. Watu wakaiita filamu ya pumba, wakacheka, maana pumba ni pumba. Halafu kipande cha dakika mbili kikaingia kwenye simu za watu. Tamasha moja la filamu za milimani huko Ulaya likaandika kwamba linaisubiri filamu nzima kabla mwezi haujaisha. Kicheko kikapungua.

Mlinzi wa mashine, mzee Theodori, alikuwa ameketi kwenye kiroba kilichojazwa mchanga. Alimwona Brigita akija na Koplo Mabula nyuma yake, wala hakuinuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunichukua tena?"

Jumatatu walimchukua kweli. Mama wa chai alikuwa amewaeleza kwamba wiki moja kabla, mzee aliwafokea vijana wale mbele ya watu: siku moja mtazikwa humu. Akalala mahabusu usiku mmoja. Jumanne wakamwachia, kwa sababu watu thelathini walimwona kanisani saa ile Jumapili, akiwa amebeba kikapu cha sadaka.

"Nimekuja unionyeshe," Brigita alisema.

"Juzi niliwaonyesha, mkanifunga."

"Juzi tulikuwa tunasikiliza watu. Leo nataka kutazama."

Mzee akafikiri. Kisha akainuka, akatangulia.

Walipanda kwa upande wa mashariki, ambako pumba zimeshindiliwa na mvua za miaka. Mzee alikanyaga pole pole, akijaribu kila hatua kwa kisigino. Karibu na nusu ya mteremko, upande wa pili, ndipo lilipokuwa shimo alimotolewa Fidel. Wachimbaji walikuwa wamelipanua likawa kama kisima kilichobomoka. Ukingoni, pumba zilikuwa safi, za rangi ya majani makavu.

"Moto wa pumba hauwaki, mama," Theodori alisema. "Unakula. Juu unaona pumba, chini yamebaki majivu na tundu. Mtu akikanyaga, hakuna kitu. Niliwaambia wale vijana. Wakati mwingine mimi ni mkali wa maneno, lakini niliwaambia. Nikaweka na vijiti vitano kuzunguka hapa, nimevifunga vitambaa vyekundu."

"Viko wapi?"

"Ndivyo ninavyouliza mimi. Jumamosi jioni vilikuwepo. Jumapili mashine haikoboi, nikatoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kwangu na kanisani. Nikarudi saa nane mchana. Nikaona ncha ya skii imetokeza, hakuna kijiti hata kimoja. Niliwaambia askari wako. Waliandika?"

Mabula alitazama viatu vyake.

Brigita alichuchumaa mahali wachimbaji hawakufika. Akachota pumba kwa kiganja, akachota tena. Zilikuwa safi kina cha shibiri moja tu. Chini yake kulikuwa na weusi. Akaingiza fimbo ya mwanzi, nayo ikazama mpaka mkono wake ukagusa pumba, bila kupata kizuizi chochote. Akaichomoa. Ncha yake ilikuwa inatoa moshi. Akamimina maji ya ndoo kwenye tundu, na chini kabisa kukasikika mlio kama wa kikaango.

"Jumamosi hapa palikuwa rangi gani, mzee?"

"Peusi. Doa kubwa, la kutosha kuanikia magunia sita ya mpunga."

"Na leo peupe. Mashine ilitoa pumba mpya lini?"

Mzee aligeuka kulitazama paa la mashine kama kwamba lingemjibu.

"Mota imekufa tangu Jumatano ya wiki iliyopita," alisema taratibu. "Mashine haijatoa hata kibaba."

"Basi hizi zimetoka mahali pengine."

Mabula alikuwa ameshashuka. Alikulia kwenye ng'ombe, Malinyi huko, na alisoma nyayo kama watu wengine wanavyosoma gazeti. Aliita kutoka chini, "Afande, hapa pamepita guta, magurudumu matatu."

"Maguta yanakuja kila siku," mzee alisema. "Wanabeba pumba za kuchomea matofali."

"Hayo yanaingia matupu yanatoka na mzigo," Mabula alisema. "Hili limeingia limezama, likatoka jepesi. Lilileta."

Brigita aliandika hayo. Akamwambia Mabula aende kwenye vijiwe vyote vya guta vya mjini, mpaka ampate mtu aliyepeleka pumba kwenye mlima wa pumba, maana kazi kama hiyo mtu haisahau. Yeye akapanda pikipiki.

*

Nyumbani kwa akina Ligamba turubai la msiba lilikuwa bado halijashushwa. Dada wa marehemu, Noela, alikuwa anaosha vyombo vilivyoazimwa, akivipanga kwa majina ya wenyewe. Alimwamkia Brigita kwa sauti isiyopanda wala kushuka, akamletea kiti.

"Nina swali moja dogo," Brigita alisema. "Fidel akienda kufanya mazoezi, alikuwa anavaa nini?"

"Kaptura. Kaptura na fulana."

"Na lile koti?"

"Lile la kushutia tu. Alisema ukilivaa dakika kumi unaiva. Alikuwa analivaa Wende akishamwambia kamera iko tayari, sio kabla." Akaendelea kufuta sahani. Kisha mkono wake ukasimama. "Wende alisema Fidel alikwenda peke yake."

"Ndivyo alivyotuandikia. Kwamba yeye alikwenda Idete tangu Jumamosi, kwenye kipaimara."

"Basi labda Fidel alitaka kulijaribu koti."

"Labda."

"Wende ni ndugu yetu, mama. Amekula kwenye nyumba hii tangu darasa la tatu. Juzi amebeba jeneza na mikono imefungwa bandeji. Watu walimwambia aache, akakataa."

"Mikono ilifanyaje?"

"Jenereta ya Idete ilimchoma. Alishika lile bomba la moshi."

Brigita aliandika: bomba la moshi, mikono yote miwili. Akafunga daftari. Mtu hushika bomba la moto kwa mkono mmoja, na kwa mara moja. Alishukuru, akaaga, na Noela akarudi kwenye sahani zake.

*

Idete alifika saa saba, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi. Mama mwenye sherehe ya kipaimara aliitwa Leticia, mke wa mwalimu, mwanamke mnene mwenye kupenda mambo yake yaende kwa utaratibu.

"Alikuwa aje Jumamosi alale, atupige tangu asubuhi tukitoka nyumbani," alisema. "Hakuja. Misa ikapita hivi hivi bila video. Alifika Jumapili tuko kwenye chakula, kama saa saba. Nilikuwa nimejiandaa kumsema."

"Ukamsema?"

"Nilipomwona nikaacha. Alikuwa kimya sana. Mikono ameifunga vitambaa. Nikampa maji, akanywa yote, akaweka kamera kwenye stendi akaanza kazi. Akapiga kila mtoto, kila zawadi, keki ikikatwa, bibi wakicheza. Hadi saa kumi na mbili jioni. Kazi nzuri, siwezi kulalamika."

"Jenereta yenu iko wapi?"

"Jenereta gani? Siku ile umeme ulikuwepo."

Brigita akanywa maji aliyopewa. Akauliza kama angeweza kuziona video zile. Mumewe, mwalimu, alikuwa amezihamisha kwenye kompyuta yake siku ile ile, maana aliogopa kungoja miezi kama walivyongoja wenzake. Akazifungua, zikajipanga kwenye kioo mstari kwa mstari. Brigita hakutazama watoto wala keki. Alitazama namba zilizo chini ya kila kipande.

Kamera hutoa namba yenyewe, moja baada ya nyingine, wala haiulizi kama unapiga harusi au msiba. Jumatatu Wendelin alikuwa amewakabidhi polisi, kwa hiari yake, vipande vyote alivyopiga na Fidel mpaka Jumamosi, ili waone namna mahali pale palivyokuwa pa hatari. Kipande cha mwisho cha Jumamosi kilikuwa namba 389. Kipande cha kwanza cha Leticia kilikuwa namba 412.

"Kuna kitu kimeharibika?" Leticia aliuliza.

"Hapana, mama. Ziko vizuri zote."

Alitoka nje, akasimama chini ya jua, akahesabu kwa vidole ingawa hakuhitaji. Vipande ishirini na viwili. Kamera ilifanya kazi kati ya Jumamosi jioni na Jumapili saa saba, na mtu aliyeishika alikuwa anasema hakuwepo.

Simu ikalia. Alikuwa Mabula.

"Nimempata, afande. Anaitwa Evod, kijiwe cha sokoni. Alibeba viroba ishirini vya pumba Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kutoka mashine ya upande ule mwingine wa mji."

"Kwa kazi ya nani?"

"Wende wa video. Anasema aliambiwa wanapamba."

"Wanapamba."

"Kama ukumbi, afande. Walimwaga wawili, wakasawazisha kwa reki. Fidel hakuwepo. Na vijiti alivikuta, Wende akaving'oa, akampa akavitupe. Evod anasema vijiti ameshavipikia. Kitambaa kimoja anacho, anafutia mnyororo."

"Kichukue. Kitie kwenye bahasha, aandike jina lake juu. Na umtafute mwenyekiti wa mtaa wa Wendelin, tukutane pale saa kumi."

*

Studio ya Wendelin ilikuwa chumba kimoja nyuma ya saluni. Ukutani kulikuwa na picha za maharusi, na katikati yao picha moja kubwa ya Fidel akiwa hewani, skii miguuni, chini yake bonde lote la mpunga hadi mtoni. Wendelin alikuwa mbele ya kompyuta, mtu wa miaka thelathini na moja, mwembamba. Alikuwa akiunganisha video ya kipaimara cha Idete. Kipanya cha kompyuta alikisukuma kwa upande wa kiganja, kwa sababu bandeji zilifunika vidole.

Aliwaona polisi na mwenyekiti wa mtaa wameujaza mlango. Akasimamisha video. Mtoto mmoja akabaki kwenye kioo, mdomo wazi mbele ya kipande cha keki.

"Shikamooni."

"Marahaba," Brigita alisema. Akamwonyesha karatasi ya upekuzi, akamsomea haki zake pole pole, kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakachosema kitaandikwa na kinaweza kutolewa mahakamani. Mabula alivuta kiti, akafungua daftari.

"Nimeelewa," Wendelin alisema.

"Nimetoka Idete. Ulifika saa saba mchana. Umeme ulikuwepo."

Wendelin alivuta bandeji ya mkono mmoja.

"Evod tumezungumza naye. Kati ya mia tatu themanini na tisa na mia nne kumi na mbili kuna vipande ishirini na viwili. Naweza kukipekua chumba hiki mpaka kesho. Au unaweza kunipa."

Wendelin aliingiza vidole viwili kwenye mfuko wa shati. Ilimchukua muda. Alitoa kadi ndogo ya kamera, ndogo kuliko ukucha wa dole gumba, akaiweka juu ya meza.

"Sijaitazama," alisema.

"Tutaitazama sasa."

Alisogea pembeni mwenyewe, akampisha Mabula. Vipande vya mwanzo vilikuwa vya maandalizi: mteremko mtupu, anga, jua likipanda nyuma ya mashine. Lile doa halikuwepo. Mlima wote ulikuwa wa rangi moja, mweupe kutoka juu hadi chini, na hata Brigita, ambaye hajawahi kuona theluji, alielewa ni kitu gani kilichotafutwa.

Kipande cha mwisho kilikuwa namba 411. Kamera ilikuwa kwenye stendi, imetulia. Fidel alisimama kileleni na koti lake la machungwa, miwani mikubwa kwenye paji la uso. Sauti ilisikika vizuri, maana alikuwa na kipaza sauti kifuani.

"Wende. Vile vitambaa vya mzee viko wapi?"

Na karibu kabisa na kamera, sauti ya Wendelin: "Ameviondoa mwenyewe. Anasema moto umeshazimika."

"Umepita pale?"

"Nimepita. Shuka tu, jua linakimbia."

Fidel alishusha miwani. Akainama, akajisukuma. Aliteleza vizuri. Alikata mteremko kushoto, akakata kulia, na kila alipogeuka pumba zilirushwa juu zikabaki hewani kama vumbi la mbingu fulani ambayo si ya Ifakara. Alikata tena kushoto. Akafika katikati, akatoweka. Hakupiga kelele. Alishuka tu, wima, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo, na pumba zikamfunika, na wingu la majivu likapanda.

Kisha Wendelin akaingia kwenye picha akikimbia. Alichimba kwa mikono. Kila alipochota, pumba ziliteremka zikajaza. Aliita jina mara nyingi, halafu akaacha kuita akawa anachimba tu. Brigita alitazama saa yake. Kwenye dakika ya kumi na moja Wendelin aliacha. Alisimama, akaangalia mikono yake mbele na nyuma. Akakaa chini. Akakaa kwa dakika nne. Kisha akainuka, akaja kuelekea kamera, mkono mweusi ukawa mkubwa ukafunika kila kitu, na video ikaisha.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ametoka nje. Walimsikia akikohoa kando ya ukuta.

"Ulijua kuna moto," Brigita alisema.

"Mzee alituambia."

"Fidel alijua?"

"Alijua pale penye vijiti. Kila siku alipakwepa. Lakini ukipakwepa, unakata kulia mapema, mstari unaharibika, na doa linaonekana kwenye picha." Alizungumza kama mtu anayesoma maelezo ya dawa. "Theluji haina doa. Wale watu wa tamasha wangeona ni pumba."

"Ni pumba."

"Ndiyo."

"Na ulimwambia umepita pale."

"Nilisawazisha na reki kutoka pembeni. Hapakuzama. Nikaona patambeba, maana anapita kwa kasi, na skii zinatandaza uzito. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo. Mzee aliona moto. Mimi niliona doa."

Mabula aliandika. Kalamu yake ilisikika.

"Simu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Kwa nini hukumpigia mtu?"

Wendelin alilitafuta jibu. Ilionekana kweli analitafuta, kama mtu anayepapasa ufunguo kwenye mfuko anaojua ni mtupu. "Nilijua amekwisha. Nikasema nikishampigia mtu, itakuwa imetokea."

"Ukaenda Idete."

"Walikuwa wananisubiri."

"Ukapiga video kwa saa tano nzima."

"Nilikuwa sisikii kitu. Mikono nayo ilikuwa haisikii, nikadhani ni baridi." Alivitazama vidole vyake. "Daktari anasema mishipa imeungua. Unaweza kunibana hapa, sitajua."

Brigita hakumbana. Alimwambia kwamba anamkamata kwa tuhuma za kuua bila kukusudia, kwamba mwendesha mashitaka ndiye atakayeamua jina la mwisho la kosa hilo, na kwamba kadi na kompyuta vitachukuliwa. Wendelin aliitikia kila sentensi kwa kichwa. Alipoambiwa asimame, akauliza kitu kimoja: kama wangeweza kumwachia mwalimu wa Idete video yake. Ilibaki robo saa tu ya kuunganisha.

"Hapana," Brigita alisema.

"Sawa."

*

Kituoni, mkuu wa upelelezi alisoma kurasa mbili za kwanza akiwa amesimama, za mwisho akiwa amekaa. Hakusema lolote kuhusu ng'ombe wa Mchombe. Alisaini, akalisukuma jalada lirudi upande wa Brigita.

Saa kumi na moja na nusu Noela alifika kaunta. Habari za Wendelin kuchukuliwa zilikuwa zimetangulia mjini kwa bodaboda. Alikuwa amevaa kitenge cha msiba na mkononi amebeba hotpoti iliyofungwa kwa kanga.

"Nimemletea Wende chakula," alimwambia askari wa zamu. "Hana mtu mwingine hapa. Mama yake yuko Mahenge. Mmekosea kumkamata, lakini wakati mnatazama makosa yenu, ale."

Askari wa zamu akamtazama Brigita. Brigita akatoka nyuma ya kaunta, akamshika Noela kiwiko, akampeleka kwenye benchi la korido. Alikuwa amewaeleza watu mambo kama haya kwa miaka kumi na minane, na alikuwa amejifunza jambo moja tu: usiyazungushe. Akamweleza. Viroba ishirini. Vijiti. Swali la Fidel kule kileleni, na jibu alilopewa. Alimweleza kwa mpangilio, kama ilivyo kwenye jalada, bila kupaka rangi wala kupunguza.

Noela alisikiliza akiwa amepakata hotpoti.

"Alimchimba?" aliuliza mwishowe.

"Alimchimba."

"Kwa muda gani?"

"Dakika kumi na moja."

"Dakika kumi na moja," Noela alisema, kama mtu anayehakikisha vipimo vya kitambaa. "Kisha akaja kwetu usiku akalia na mama."

"Ndiyo."

Hakulia. Magari yalipita nje, askari mmoja akamwita mwenzake uani. Brigita alitazamia atainuka aende, au atauliza mlango wa mahabusu uko wapi. Noela alifungua fundo la kanga. Akafunua hotpoti. Ulikuwa wali, bado unatoa mvuke, na kipande cha samaki kitoga kwenye mchuzi wa nyanya. Tangu Jumapili ile hakuwa ameweka mdomoni chochote zaidi ya maji na chai, ingawa kwa mikono yake alikuwa amepika kwa ajili ya waombolezaji mia mbili.

Alinawa kwa maji ya chupa aliyoyaleta, akafinyanga tonge, akala. Akafinyanga jingine. Alikula polepole, akitoa miba na kuipanga kwenye mfuniko, macho yake ukutani ambako kulikuwa na tangazo la namba za simu za dharura. Brigita akaenda ofisini kwake, akarudi na kikombe cha maji, akakiweka pembeni yake kwenye benchi. Kisha akakaa naye mpaka wali ulipokwisha wote.